Datsun 240Z na Chuma Kisichorudi

Fungua boneti ya Datsun 240Z. Ubavuni mwa injini utaona kabureta mbili za Hitachi, kila moja ina kichwa cha mviringo mfano wa kikombe kilichofunikwa. Fungua kifuniko kidogo cha juu uchungulie. Ndani panatakiwa pawe na mafuta mepesi. Kisha ondoa boksi la chujio la hewa, ingiza kidole, inua pistoni ya kabureta. Uhisi mafuta yakikuzuia. Iachie, ishuke yenyewe na kugonga chini, tok. Ikisita katikati, kuna uchafu au sindano imepinda. Ikipanda kirahisi bila kukuzuia, mafuta yamekwisha, na gari litasita kila dereva anapokanyaga ghafla.

Kipimo hicho hakihitaji kompyuta wala umeme. Kinahitaji mtu aliyeonyeshwa na mwingine. Ndiyo maana nimeanza nacho, maana gari la michezo la miaka ya 1970 likitaka kufika kwa mjukuu likiwa zima, linategemea zaidi yale ambayo fundi mmoja amemwambia mwenzake kuliko spea zilizoko soko la Kisekka, Kampala.

Gari hili si geni kwetu. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakashinda tena kwa 240Z. Nyuma yao wakaingia Shekhar Mehta na Mike Doughty, nao wakiwa na 240Z. Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945. Rais Idi Amin alipowafukuza Waasia kutoka Uganda mwaka 1972, Mehta alihamia Kenya, na mwaka 1973 akaishinda Safari kwa 240Z. Alimaliza sawasawa na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, na ushindi ukaamuliwa kwa kuangalia nani alikwenda mbali zaidi bila kupoteza alama. Kijana wa Kampala alipata taji lake la kwanza la Safari akiwa tayari amepoteza nyumbani kwake. Jambo hilo huwa linanigusa kila ninaposoma orodha ya washindi.

Sasa injini. Ya 240Z inaitwa L24, nayo ina silinda sita zilizojipanga mstari mmoja, bloku ya chuma cha kumimina na hedi ya aluminiamu. Kipenyo cha silinda ni milimita 83, mwendo wa pistoni milimita 73.7. Fundi yeyote aliyewahi kufungua L16 ya ile 1600 SSS ataishtukia hesabu hiyo, kwa sababu ni ile ile. Silinda moja ina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 399. Zidisha kwa nne upate 1595, zidisha kwa sita upate 2393. Wajapani walichukua injini ya gari la familia wakaiongezea silinda mbili. Kwa anayefufua gari mbali na viwanda, undugu huo ni neema: aliyejifunzia mkono wake kwenye Datsun ya kawaida hakuti kigeni ndani ya L24.

Lakini undugu huo hauponyi kosa moja, nalo ndilo linaloua magari haya. Kila matengenezo makubwa ya injini huondoa chuma, na chuma kilichoondolewa hakirudi. Mwenye gari wa kwanza akiona linatoa moshi, fundi anachonga silinda nusu milimita na kuweka pistoni kubwa zaidi. Wa pili naye anaongeza nusu nyingine. Wa tatu anaukuta ukuta wa silinda umekonda, na njia iliyobaki ni kuvisha bloku silivu, kazi ambayo si kila karakana inaiweza. Huenda yule wa kwanza hakuhitaji kuchonga kabisa. Huenda ringi zilikuwa zimechoka tu, na silinda ingesuguliwa kidogo kwa jiwe, ikafungwa ringi mpya za kipimo cha awali.

Hedi ndiyo yenye mtego mbaya zaidi. Aluminiamu ikipata joto kupita kiasi hupinda, na dawa inayojulikana ni kuikwangua ikae bapa. Katika L24 kamshafti imekaa juu ya hedi na inazungushwa kwa cheni kutoka kwenye kranki. Ukiikwangua hedi, kamshafti inasogea karibu na kranki, cheni inalegea, na valvu zinaanza kufunguka kwa kuchelewa. Cheni ikitanuka kwa uzee inaleta hali hiyo hiyo. Waliobuni injini walilijua hilo, wakatoboa gia ya kamshafti matundu matatu yaliyopewa namba, 1, 2 na 3. Majira yakichelewa, unahamisha gia kutoka tundu la kwanza kwenda la pili, baadaye la tatu. Ni ufundi wa kupendeza kwa urahisi wake. Kikwazo ni kwamba gari likibadilisha mikono mara tatu, anayelipokea hajui hedi imekwanguliwa mara ngapi. Anafunga cheni mpya, anaiacha gia kwenye tundu la 3 alilolikuta, kisha anashangaa kwa nini gari halina nguvu, na anaisingizia kabureta.

Bodi nayo ina historia yake. 240Z haina chesi ya kutenganishwa kama Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kutu ikila sakafu, mbavu zilizo chini ya sakafu au chuma kilicho chini ya betri, uti wa mgongo wa gari ndio unaoliwa. Hapo tumia sumaku na bisibisi kabla hujatoa pesa. Sumaku ikiteleza mahali panapong'aa, chini ya rangi hiyo kuna puti. Bisibisi ikizama, hakuna chuma. Puti iliyopakwa juu ya kutu ni uongo ambao mwenye gari mmoja anamwachia mwingine.

Kampuni ya Nissan yenyewe, iliyotengeneza magari ya Datsun, iliwahi kuonja uchungu huo. Katika miaka ya 1990, tawi lake la Marekani lilinunua 240Z kuukuu, likazipeleka kwenye karakana teule zifufuliwe, kisha likaziuza kwa takriban dola 25,000 kila moja. Lengo lilikuwa magari 200. Yaliyokamilika hayakufika 50, kwa sababu gharama ya kufufua gari moja ilizidi kwa mbali bei yake. Fedha ilikuwepo na jina la kiwanda lilikuwepo, lakini magari yalikuwa yamepita mikononi mwa watu wengi.

Linganisha na kazi ya mwaka 2013. Wafanyakazi wa Nissan walio kwenye klabu ya kufufua magari ya zamani, katika kituo cha ufundi cha Atsugi, Japani, walilifufua gari lenyewe lililoshinda Safari ya 1971. Hao walikuwa na bahati ambayo karakana za Marekani hazikuipata. Gari lilikuwa limehifadhiwa na kampuni iliyolitengeneza, na historia yake haikukatika. Kwa maoni yangu, tofauti ya kazi hizi mbili iko hapo hasa, kuliko kwenye ustadi wa mikono.

Kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, historia ilikatika. Mwaka 1980, baada ya Amin kuanguka, vita viliwakimbiza watu wa Arua na Koboko kwenda Sudan na Zaire, na wengi walikaa huko miaka. Aliyekimbia na watoto mgongoni hakubeba kadi ya gari wala risiti za gereji. Ndiyo maana mtu akirithi gari la babu yake hapa, mara nyingi anarithi chuma kisicho na maelezo, na fundi wake anaanza kwa kubahatisha. Leo kuna lami kutoka Vurra kupita Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, na gari la chini kama 240Z lingepita bila kugusa tumbo. Barabara si kisingizio tena.

Basi ombi langu kwa mafundi wa Arua na Koboko, na kwa wenye magari. Nunueni daftari la kurasa 96, mlifunge kwenye mfuko wa nailoni, mliweke kwenye droo ya dashibodi. Siku silinda inapochongwa, andikeni kipimo. Hedi ikikwanguliwa, andikeni ni kiasi gani, na gia ya kamshafti imeachwa tundu la ngapi. Mahali palipochomelewa bati jipya, chorani. Na gari likiuzwa, daftari liende nalo.