OpenVAS na ripoti yake nyekundu

Umeweka OpenVAS kwenye laptopu, ukaielekeza kwenye ruta, swichi na printa za maabara, ukaenda zako kunywa chai. Ukirudi, ripoti imewaka nyekundu: udhaifu wa alama 9.8 kati ya 10. Tulia kwanza. Kabla hujampigia fundi simu, jiulize programu imejuaje.

Mara nyingi imesoma lebo tu. Inagonga poti, seva inajitambulisha kwamba ni OpenSSH toleo fulani, nayo inalitafuta toleo hilo kwenye orodha ya CVE, yaani udhaifu uliokwisha kutangazwa. Ni sawa na kukagua maziwa kwa kusoma tarehe kwenye pakiti bila kuifungua. Sasa, Debian na Red Hat wana desturi ya kuziba tundu huku namba kuu ya toleo ikibaki ileile. Lebo ya zamani, maziwa mapya.

Wenye OpenVAS wanalijua hilo, na hapa wanastahili sifa. Kila jibu linapewa QoD, asilimia inayoonyesha ugunduzi wenyewe unaaminika kiasi gani. Lililotokana na lebo isiyotegemeka hupata 30 tu. Lakini usipogusa mipangilio, ripoti inakuonyesha majibu ya 70 kwenda juu. Mengine yamechujwa, na ukiwa mgeni ni rahisi kabisa kutojua kwamba kuna kichujio. Huenda yote ni kelele. Huenda moja ni tundu la kweli, na wewe ushatangaza kwamba tuko salama! Shusha kichujio uyaone. Bora zaidi, kwa seva za Linux, ipe programu akaunti ya SSH iingie ndani ikague vifurushi vyenyewe.

Kasoro ya pili si ya OpenVAS peke yake. Alama ya 9.8 inapima ukali wa udhaifu, haijui kifaa chako kimekaa wapi. Kumbuka Mirai, 2016: kirusi kile kiliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu majina na nywila za kiwandani kupitia Telnet, jozi zipatazo sitini tu. Hakikuhitaji ujanja wowote wa kitaalamu. Kamera yenye admin/admin inayofikika kutoka intaneti inanitisha kuliko printa ya 9.8 iliyofungiwa ndani.

Bado naipendekeza. Nessus ilipofunga msimbo wake mwaka 2005, OpenVAS ndiyo iliyoendeleza tawi huria, na ndiyo maana mwanafunzi asiye na hela anaweza kufungua jaribio lolote akasoma linavyofanya kazi. Hiyo kwangu ni nusu ya thamani yake.

Ila anza na Nmap, kazi ya Gordon Lyon tangu 1997, ujue kwanza una vifaa gani. Omba ruhusa ya maandishi: Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina yake ya 2018, na "nilikuwa najifunza tu" ni utetezi mwembamba. Halafu angalia printa. Kuna zinazochapisha chochote kinachotumwa poti 9100, kwa hiyo Nmap inapotambua matoleo huiruka poti hiyo yenyewe. Ukiilazimisha, andaa karatasi.