"Pole" Kabla ya "Fikra Chanya": Uhakiki wa Namna Tunavyosoma Hekima ya Kibuddha

Makala haya yanahakiki namna maneno yanayohusishwa na Buddha yanavyotumiwa siku hizi kuhimiza kile kinachoitwa fikra chanya. Hapa Kampala mtu hahitaji kuingia hekaluni ili akutane nayo. Huyakuta kwenye picha zinazosambazwa asubuhi katika makundi ya WhatsApp, kwenye vitabu vya mitumba vinavyopangwa kando ya barabara, na katika hotuba za wahamasishaji wanaoalikwa kuzungumza na vijana. Ujumbe huwa ni uleule: maisha yako ni matokeo ya mawazo yako, kwa hiyo fikiri mema upate mema. Hoja yangu ni kwamba usomaji huo unaacha nusu ya mafundisho yenyewe, na nusu inayoachwa ndiyo inayomfaa zaidi mtu mwenye shida. Nitatumia matini mbili, yaani aya za mwanzo za Dhammapada na hadithi ya Kisa Gotami, kisha nitaonyesha kwamba Kiswahili kina maneno yaliyo karibu zaidi na mafundisho hayo kuliko istilahi ya fikra chanya.

Kwanza tuangalie chimbuko. Fasihi ya fikra chanya tunayoisoma haikutoka Asia. Napoleon Hill alichapisha Think and Grow Rich nchini Marekani mwaka 1937, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Mchungaji Norman Vincent Peale alifuata na The Power of Positive Thinking mwaka 1952. Mwaka 2006 Rhonda Byrne wa Australia akatoa The Secret, ambamo neno moja la kuwa sisi ni matokeo ya tuliyoyafikiri linawekwa kinywani mwa Buddha. Neno hilo lina asili yake. Linafanana na tafsiri ya Kiingereza ya aya ya kwanza ya Dhammapada iliyofanywa na Max Müller, ambayo ilichapishwa mwaka 1881 katika mfululizo wa vitabu vitakatifu vya Mashariki. Tatizo ni kwamba Müller hakuishia hapo, na aya yenyewe haiishii hapo.

Aya hiyo inasema, kwa muhtasari, kwamba moyo au nia hutangulia mambo yote. Kisha inaendelea: mtu akisema au akitenda kwa nia mbaya, taabu humfuata kama gurudumu la mkokoteni linavyofuata kwato za ng'ombe anayelivuta. Aya inayofuata inageuza upande wa pili: mtu akisema au akitenda kwa nia safi, furaha humfuata kama kivuli. Tuzingatie vitenzi viwili, kusema na kutenda. Katika matini asilia, wazo ni chanzo cha neno na tendo, na ni hayo yanayoleta matokeo. Katika picha za WhatsApp vitenzi hivyo vimefutwa, limebaki wazo peke yake. Ng'ombe amefunguliwa, lakini tunaambiwa mkokoteni utakwenda.

Hapa uteuzi wa neno una uzito. Tukitafsiri dhana hii kwa neno "fikra", tunamweka msomaji kichwani mwake, peke yake. Tukitumia "nia", Kiswahili kinatusaidia. Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, limebeba kwa karne nyingi maana ya kusudi linaloelekea kwenye tendo: mtu hunuia kufunga, hunuia safari, hunuia kulipa deni. Hata methali ya penye nia pana njia haidai kwamba nia ndiyo njia; lazima mtu aitembee hiyo njia. Katika mafundisho ya Kibuddha yenyewe, karma inaelezwa kuwa ni nia inayotekelezwa kwa mwili, kwa ulimi na kwa moyo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuifikia dhana hii kwa njia fupi kuliko msomaji wa vitabu vya uhamasishaji.

Neno "chanya" nalo linahitaji kuulizwa maswali. Katika Kiswahili hutumika kwa namba na kwa chaji za umeme, na daima lina mwenzake, "hasi". Mwenye duka anayefuta tarakimu zote za hasi katika daftari lake hajafuta deni. Amefuta tu uwezo wa kulijua. Mafundisho ya Buddha yanaanza na daftari likiwa wazi. Ukweli wa kwanza kati ya kweli nne ni kwamba kuna taabu: kuzaliwa, kuzeeka, kuugua na kufa, kukaa na usichokipenda, kutengana na ukipendacho, kutopata unachokitaka. Ndipo inapofuata sababu ya taabu hiyo, uwezekano wa kuikomesha, na njia ya kuikomesha. Wengi wameulinganisha mpangilio huo na kazi ya tabibu, ambaye hutaja ugonjwa kabla ya kutoa dawa. Fikra chanya inataka dawa huku ikikataza ugonjwa kutajwa.

Jambo hili linaonekana vizuri katika hadithi ya Kisa Gotami. Mwanamke huyu alifiwa na mtoto wake wa pekee. Alizunguka akimbeba na kuwaomba watu dawa ya kumfufua, hadi akafika kwa Buddha. Buddha alimwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Alibisha hodi nyumba baada ya nyumba. Haradali ilikuwepo kila jikoni, lakini kila nyumba ilikuwa na marehemu wake. Mwishowe alimzika mtoto, akarudi bila mbegu.

Msomaji wa Kampala anaweza kuona kitu ambacho mfafanuzi wa kigeni angekipita. Mwanamke yule alitumwa kwa majirani. Kila mlango aliobisha, alisikia habari ya msiba wa mwingine, na bila shaka wengine walisikia wa kwake. Huku kwetu, anayefika msibani husema "kitalo" kwa Kiganda, na anayezungumza Kiswahili husema "poleni". Maneno haya hayaahidi kitu wala hayaelezi sababu. Yanakiri tu kwamba jambo zito limetokea na kwamba msemaji ameliona. Kiswahili kimelipanua neno hili hadi kwenye maisha ya kila siku: pole na kazi, pole na safari, pole na masomo. Hatungoji mtu afiwe ndipo tukubali kwamba anabeba mzigo. Naona kwamba "pole" iko karibu na ukweli wa kwanza wa Buddha kuliko kauli yoyote ya fikra chanya, na tunaitamka mara kumi kwa siku bila kuiita hekima.

Je, mafundisho haya yanaweza kuota mizizi hapa? Mfano uko karibu. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyezaliwa mwaka 1966 na kulelewa katika Ukatoliki, alikwenda India mwaka 1990 kusoma, na huko akakutana na watawa kutoka Thailand. Alipewa daraja kamili la utawa mwaka 2002 nchini Marekani, na mwaka 2005 akaanzisha Kituo cha Wabuddha cha Uganda huko Garuga, karibu na Entebbe. Katika kitabu chake Planting Dhamma Seeds anasimulia jinsi watu walivyoshindwa kumtambua akiwa na vazi lake la utawa na bakuli la kupokelea chakula. Kwa uhakiki wetu, la muhimu ni kwamba kituo hicho hakikujifunga kwenye tafakuri peke yake. Kilichimba kisima kilichowapa majirani maji. Hapo nia imepata mikono. Mwenye kiu hakuambiwa ajione moyoni akinywa.

Sasa tuje kwa kinachotuhusu sisi wenyewe. Chukua mwanafunzi ambaye hajamaliza kulipa ada na mitihani inakaribia. Mhamasishaji anamwambia kwamba umaskini huanza akilini. Akikosa ada, atajilaumu mara mbili: kwanza kwa kukosa pesa, pili kwa kufikiri vibaya. Mzazi aliyepoteza kibanda chake sokoni, bei ya kahawa iliyoshuka, mdhamini aliyejitoa, vyote vinatoweka katika maelezo, anabaki yeye na akili yake. Huu si ujumbe wa faraja. Ni hukumu iliyovikwa tabasamu. Barbara Ehrenreich aliyaona haya nchini Marekani. Baada ya kuugua saratani ya matiti na kuhimizwa kila upande atabasamu, aliandika mwaka 2009 kitabu cha kuukosoa utamaduni huo. Kwetu madhara yanaweza kuwa makubwa zaidi, kwa sababu mzigo wa kubebwa ni mwingi zaidi.

Atakayepinga anaweza kusema kwamba kujipa moyo kunasaidia. Nakubali. Mtu aliyekata tamaa hatembei, na wapo waliosoma Peale wakainuka kitandani. Aidha, mafundisho ya Kibuddha nayo yana hatari yake: kukiri taabu kunaweza kugeuka kuwa kuizoea, na subira ikawa kisingizio cha kutodai haki. Lakini jibu lipo katika matini zilezile. Kisa Gotami alikiri msiba wake, kisha akafanya la kufanywa. Methali yetu, baada ya dhiki faraja, inafuata mpangilio huohuo: dhiki inatajwa kwanza, kwa jina lake. Kujipa moyo kunakofuata ukweli ni nguvu. Kunakouruka ukweli hakudumu.

Kwa kumalizia, nawapendekezea wanafunzi wenzangu mambo mawili. Tunapokutana na neno linalodaiwa kuwa la Buddha, tulitafute katika matini yake tuone kilichokatwa. Na tunapotafsiri, tupime kama Kiswahili hakina tayari neno lililokomaa, kabla ya kuazima istilahi iliyotengenezwa kwingine. Tunayo "nia" na tunayo "pole". Mwenzetu aliyekwama na ada, tukianza kwa pole kisha tukachangishana kwa nia moja, tutakuwa tumeielewa Dhammapada kuliko anayemtumia picha ya ua la yungiyungi na kumwambia afikiri vizuri.