Muziki Uliofinyangwa Bwenini

Siku hizi wimbo hutoka Ijumaa, ikifika Jumatatu umeshazeeka. Mdundo umenunuliwa tayari mtandaoni, sauti imenyooshwa na programu, na kijana aliyeuimba tayari anawaza wa wiki ijayo. Haya ndiyo yaliyonirudisha kwa bendi ya Just A Band na rekodi zao za mwanzo.

Walikuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, na walianzia bwenini. Nairobi ya wakati ule ilikuwa ya mitindo ya genge na kapuka, studio ya Calif huku, Ogopa kule. Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu hawakuegemea upande wowote. Walichanganya disko, fanki na midundo ya kompyuta, wakaimba Kiingereza, Kiswahili na Kijaluo, na watangazaji wakashindwa kujua wawaweke kipindi gani. Basi hawakuzipiga nyimbo zao.

Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka mwaka 2008. Naipenda kuliko zote, ingawa najua si kamilifu. Sikiliza “Iwinyo Piny” usiku, nyumba ikiwa imetulia: mdundo hauna haraka na waimbaji hawashindani nao. Unasikia watu waliokaa na wimbo mmoja mpaka ukakubali. Hawakuwa na studio kubwa wala mtu wa kuwaharakisha, na ule umaskini wa vifaa ukawalazimisha kutumia masikio. Vijana wa leo wana simu zenye nguvu kuliko kompyuta za bwenini lile. Masikio ndiyo tumeyapa likizo.

Mwaka 2009 wakatoa albamu ya pili, 82, iliyokomaa zaidi. Ndani yake mlikuwa na “Ha-He”, na wimbo huo haukuwashtua wengi mpaka Machi 2010 ilipotoka video yake. Mnaikumbuka: Makmende, nywele za afro, utepe kichwani, akiwachapa wahuni kama kwenye filamu za Marekani za miaka ya 70. Jina lenyewe walilitoa mtaani, ndivyo watoto wa Nairobi walivyokuwa wakimwita mwenzao anayejifanya jabali. Mara Kenya nzima ikawa inatunga vichekesho juu yake. Watu wakambandika kwenye majalada ya magazeti ya kubuni, na wahariri wa Wikipedia wakaufuta ukurasa wake zaidi ya mara moja kabla ya kuukubali.

Nilicheka kama wengine. Lakini muulize mtu leo, atakusimulia Makmende mwanzo hadi mwisho, kisha mwambie akuimbie huo wimbo. Atababaika. Tuliipokea picha kwa shangwe, na muziki uliokuwa tayari miezi kadhaa tukauacha mlangoni. Nasi ndio tunaolalamika kwamba wasanii wetu hawana ubunifu!

Albamu ya tatu ikaja mwaka 2012, nao wakaiita Sorry for the Delay, kama fundi cherehani anayemwomba radhi mteja huku akimkabidhi suti iliyomkaa sawasawa. Miaka mitatu kwa albamu moja. Nani leo angethubutu? Baada ya hapo njia zikaachana. Chuchu aliongoza filamu ya Stories of Our Lives mwaka 2014, Masya akafuata na Kati Kati mwaka 2016, na Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2018. Kazi hizo nazo zina ule mkono wa mtu asiyeridhika upesi.

Wako vijana wengine mabwenini sasa hivi, na baadhi yao bado wanafanya kazi kwa subira hiyo. Enyi wenye vipindi redioni, zipigeni nyimbo zao wangali wachanga. Msingoje mpaka wapate video ya kuchekesha.