Nyundo ya Kilo 40 na Kiberiti Kimoja

Jamani, nimeikanyaga! Naandika haya na unyayo wa kulia bado unanitekenya. Nyundo ya mashine, C41-40, imetolewa leo asubuhi kwenye kreti lake katika ua wa muuza mashine mmoja Gerezani, Dar es Salaam, ingali imepakwa grisi ya safari. Rafiki yangu, mhunzi wa Arusha, ameshailipia. Akaniomba nisimamie majaribio kabla haijapanda lori. Usingizi wenyewe niliupata kwa shida.

Hiyo 40 ni uzito wa kichwa kinachopiga, kwa kilo. Kompresa ya pembeni usiitafute, haipo. Ndani ya mwili ule uliopinda kama mzee anayechungulia kisima mna silinda mbili. Mota inazungusha mkanda, pistoni ya silinda ya kwanza inasukuma upepo, na upepo huohuo unapandisha na kushusha kichwa katika silinda ya pili, zaidi ya mara 200 kwa dakika. Katikati kuna vali, nazo bwana wao ni mmoja: pedali iliyo chini ya mguu wako.

Mimi nilitaka iwashwe palepale. Fundi, mzee wa makamo aliyevaa ovaroli lililopauka, akanitazama tu.

"Shikamoo mzee, tunaanza?"

"Marahaba. Kwani inakimbia?"

Akafuta grisi kwa mafuta ya taa. Akachukua nyundo ndogo, akawa anagonga mwili wa mashine kidogo kidogo huku ametega sikio. Chuma cha kumimina kikiwa kizima hulia. Chenye ufa hutoa sauti ya chungu kibovu. Hiki kililia vizuri, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akazungusha gurudumu la mkanda kwa mkono, duara zima, asikie kama kuna kinachokwama.

Halafu akashika taya la chini, lile linalopokea pigo, akalitikisa. Likacheza! Kidogo sana, unene wa ukucha, lakini nililiona kwa macho yangu. Kabari yake haikukazwa. Muuzaji alikuwa ametuapia kwamba kila kitu kimekaguliwa kiwandani. Ingefika Arusha hivyo, taya lingeanza kula mfereji wake siku ya kwanza. Bomba moja la mafuta nalo lilikuwa limezibwa na rangi, halidondoshi hata tone. Hapo nilinuna kwa dakika nzima, maana silinda isiyopata mafuta haisubiri umalize kununa. Mzee akalizibua kwa waya, akagongea kabari, akaweka alama ya chaki ili baadaye aone kama imesogea.

Umeme wa fezi tatu ukaunganishwa. Gurudumu likazunguka kinyume na mshale! Akazima, akabadilishana nyaya mbili, likakubali. Tukaiacha izunguke bure huku kichwa kinaning'inia juu, mzee akipapasa beringi moja moja: vuguvugu, haziunguzi. Kupigisha taya kwa taya zikiwa baridi na tupu alikataa katakata. Kwanza kipande cha mbao, baadaye chuma cha moto.

Na chuma cha moto ndicho kilichonimaliza. Kipande cha springi ya lori kilitoka kwenye makaa kikiwa rangi ya chungwa bivu. Duf, duf, duf! Kikawa kinarefuka mbele ya macho kama unga wa chapati chini ya kisukumio. Kazi ya kuwatoa jasho vijana wawili wa nyundo za mkono asubuhi nzima! Mzee akapima kwa kalipa upande huu na ule: unene mmoja. Kabari nayo ilikuwa imesogea kidogo kupita chaki, akaigongea tena bila kushangaa.

Nguvu tu, hata hivyo, haikunitoa machozi. James Nasmyth, Mskoti aliyechora nyundo ya mvuke mwaka 1839, inasemekana alikuwa akipasua yai lililowekwa ndani ya glasi ya mvinyo, glasi ikabaki nzima. Mzee hakuwa na yai. Akasimamisha kiberiti juu ya taya, droo yake imechomoza nusu, akaniambia nikifunge.

Nikakanyaga. Kiberiti kikawa karatasi.

"Mguu wa dereva wa daladala," akasema.

Akatoa kingine mfukoni, akaegesha ncha ya kiatu kwenye pedali. Kilo 40 zikashuka polepole kama mtu anayefunika kawa, zikagusa, zikasukuma droo mpaka ndani, zikapaa. Akakiokota, akawashia sigara yake, akamwita mtu wa winchi.

Nimemwomba kile kiberiti. Amekataa, eti bado kina njiti.