Taijiquan: mwendo wa pole na sifa za kupita kiasi

Sisi wenye kupenda mambo ya wazee tuko na ugonjwa moja: tunazani desturi isiyofika miaka elfu haina kazi. Nyani haoni kundule, njo maana tuangalie ugonjwa huo kwa wengine kwanza.

Mfano wetu ni taijiquan ya China, mazoezi ya mwili yanayofanywa pole pole, na akili ikifuata kila hatua. Wenye kuisifu wanapenda kusema mambo mawili: kwamba ilianzishwa na mtawa Zhang Sanfeng kwenye mlima Wudang, na kwamba anayeifuata ataishi miaka mingi. Yote mawili tunayatilia mashaka.

La kwanza. Katika miaka ya 1930, Tang Hao, mwenye kuchunguza historia ya michezo ya kupigana, alifika kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, akasoma maandiko ya ukoo wa Chen. Mtawa hakumwona. Njia ilimpeleka kwa Chen Wangting, askari wa karne ya 17. Basi ilikuwa kazi ya kupigana. Yang Luchan alijifunza kule, akaifundisha Beijing katika karne ya 19; mjukuu wake Yang Chengfu akaifanya kuwa ya pole na ya kupanuka. Mwaka 1956 serikali ikawapa walimu kazi ya kutengeneza namna fupi ya hatua 24, ambayo mtu anaimaliza kwa dakika 5 ao 6. Ile tunayoita «ya kale», watu wengi wanaijua kwa sura hiyo ya 1956!

La pili. Yang Chengfu mwenyewe alizaliwa 1883, akafa 1936. Miaka 53. Kama mwendo huu ungeuza miaka, yeye angenunua wa kwanza.

Sasa, tuitupe? Hapana. Tazama inavyofanya kazi. Magoti yamekunjwa kidogo, mgongo umenyooka, kiuno njo kinaongoza mikono. Mguu haunyanyuliwi mpaka uzito wote umehamia kwa ule mwingine: mmoja umejaa, mwingine uko tupu. Mzee anayeanguka, mara nyingi anaanguka pale pale, katikati ya hatua mbili, uzito ukiwa haujajua unaenda wapi. Katika uchunguzi uliotolewa 2005 na Fuzhong Li na wenzake kule Oregon, Marekani, watu 256 wa miaka 70 mpaka 92 waligawanywa: wamoja taijiquan, wengine kunyoosha viungo tu, mara 3 kwa juma. Kisha miezi 6, wa taijiquan walihesabiwa maanguko 38, wale wengine 73. Hiyo si uzima wa milele. Ni mfupa wa nyonga usiovunjika, ni bibi anayeenda mwenyewe kuteka maji. Kwetu inatosha.

Tuseme pia upungufu wa hatua 24. Anayekomea pale hajui mazoezi ya wawili ya kusukumana mikono, wala ile nguvu ya gafula ya Chen, mguu unapopiga chini. Amepata afya, lakini historia imebaki nyuma. Mwalimu mwaminifu sherti amwambie mwanafunzi hivyo.

Na sisi? UNESCO iliandika taijiquan katika urizi wa watu wote mwaka 2020. Rumba yetu ikafuata 2021. Tulishangilia, na ilikuwa haki. Lakini tangu hapo, kila mtu anataka ngoma ya kijiji chake iwe ya kale kuliko zote na iponyeshe magonjwa yote. Tunasema: tuache. Kijana akigundua uongo moja, atatupa na ukweli uliokuwa pamoja nao, na mzee atabaki kucheza peke yake. Tueleze ngoma ilitoka wapi, nani aliigeuza, inasaidia nini mwilini. Desturi inayosimama kwa miguu yake haihitaji fimbo ya uongo.