Difu ya kati ilipaswa kurudi 2025

Mwanzoni mwa 2025 FIA iliondoa haibridi kwenye magari ya Rally1 na kuliacha kosa lake kubwa zaidi likiwa palepale. Difu ya kati iling'olewa 2022 ili kupunguza gharama, kwa kuwa mota ya umeme na betri ndivyo vilikuwa vinaingia. Mota na betri vimetoka, difu haikurudishwa. Ekseli ya mbele na ya nyuma bado zimeunganishwa moja kwa moja, sawa na gari la barabarani lililofungwa difu asubuhi na dereva hana swichi ya kuifungua hadi jioni. Kwenye tope la Naivasha jambo hilo linavumilika. Kwenye lami iliyolowa ni uamuzi mbovu, na uchungu wake ni kwamba tulishaupitia: difu hiyohiyo iliondolewa 2011, malalamiko yakaendelea miaka sita, ikarudishwa 2017 ikiongozwa na kompyuta, kisha ikaondolewa tena. 

Tuanze na kona. Gari likikata kona kali, matairi ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo yanataka kuzunguka kwa kasi zaidi. Difu ya kati ndiyo inayoyapa ruhusa hiyo. Ukiifunga, ekseli zote mbili zinalazimika kuzunguka sawasawa, na ile tofauti ya njia lazima ilipwe na tairi kwa kuteleza. Kwenye tope malipo hayo ni madogo, maana tairi inateleza na kuchimba muda wote. Kwenye lami kavu nguvu inajikunja ndani ya shafti na giaboksi, na dereva anaisikia usukani unapokuwa mzito. Wanaokosea hukosea kwenye lami iliyolowa. Wanasema barabara inateleza, basi funga, kwani maji yataiachia tairi iteleze bila kuvunja kitu. Ni kweli hakitavunjika kitu. Lakini lami yenye maji bado ina mshiko, ila mchache, na tairi inaugawanya mshiko huo kati ya kulisukuma gari na kulizuia lisitoke nje ya kona. Ekseli ya mbele inapozuiwa isizunguke inavyotaka, huku ya nyuma ikisukuma, sehemu ya mshiko wa kukatia kona inaliwa na mvutano wa gari lenyewe. Usukani umekatwa, pua inaendelea kwenda nje. Dereva atasubiri, atapunguza mafuta au atalirusha gari kwa nguvu, na kila njia kati ya hizo inampotezea muda ambao difu ingemwokolea.

Wapo watakaotaja breki. Ekseli zikiunganishwa, moja haiwezi kusimama kirahisi nyingine ikizunguka, na hilo husaidia kwenye mteremko ulionyooka. Nakubali, ila kona haijanyooka. Wengine watataja klachi inayoitenga ekseli ya nyuma dereva akivuta breki ya mkono. Klachi hiyo inafaa pale gari linapogeuka karibu kurudi lilikotoka. Kwenye kona ndefu hakuna anayegusa breki ya mkono. Tena watataja washindi: Sébastien Loeb alishinda Monte Carlo Januari 2022 kwa Puma, na mwaka huohuo Kalle Rovanperä alishinda Croatia kwenye lami ya mvua na matope, baada ya Ott Tänak kumpokonya uongozi steji moja kabla ya mwisho naye akaurudisha kwenye steji iliyofuata. Ushindi ule ulikuwa mkubwa. Lakini wapinzani wao walikuwa na mfumo huohuo, kwa hiyo kilichopimwa ni dereva. Loeb alikuwa bingwa 2011 na 2012 bila difu ya kati, na hata hivyo wakubwa waliona heri kuirudisha.

Kosa hili ninalilalamikia pia barabarani. Dereva wa Prado anayebonyeza kitufe cha kufunga difu kwa sababu manyunyu yameanza kwenye lami anajinyima msaada. Difu ya Torsen ya gari hilo kwa kawaida hupeleka asilimia 40 ya nguvu mbele na 60 nyuma, na inarekebisha mgawo yenyewe tairi zikianza kuteleza. Akiifunga, VSC, mfumo unaolizuia gari lisiteleze nje ya njia, nayo inazimika. Kitufe kile ni cha tope, mchanga na mawe.

Linabaki suala la gharama, ambalo ndilo kinga ya FIA. Difu ya kompyuta ni ghali, sawa. Nani alisema lazima iwe ya kompyuta? Audi Quattro ya 1980 ilikuwa na difu ya kati inayofungwa kwa mkono, na dereva ndiye aliyeamua. Lancia Delta Integrale iliyompa Miki Biasion Safari mbili, 1988 na 1989, iligawa nguvu asilimia 56 mbele na 44 nyuma, na tofauti ya mwendo ikidhibitiwa na kapulingi yenye mafuta mazito: ekseli moja ikikimbia kuliko nyingine mafuta yanakaza, ikitulia yanaachia. Ilichelewa kidogo, na ikipata joto ilibadili tabia, lakini ilijua kutofautisha lami na tope bila waya hata mmoja, na Lancia ilitwaa ubingwa wa watengenezaji mara sita mfululizo, 1987 hadi 1992. Sheria za 2027 zimeweka ukomo wa bei wa euro 345,000 kwa gari. Difu ya kati ya mitambo mitupu, ya muundo mmoja kwa timu zote, iingizwe ndani ya bei hiyo kabla kizazi kingine cha magari hakijajengwa kikiwa kimefungwa.