Kujitolea na Fedheha: Askari Vijana katika Vitabu Viwili vya Vita vya Vietnam

Wanafunzi wetu wanapoisoma tawasifu ya Ron Kovic, Born on the Fourth of July (1976), hukimbilia kusema kwamba kijana huyu alidanganywa. Huenda wanampima kwa kipimo cha askari wetu wa K.A.R. waliopelekwa Burma katika Vita Vikuu vya Pili, ambao bendera waliyoipigania haikuwa yao. Kipimo hicho hakimfai Kovic. Yeye alizaliwa tarehe 4 Julai 1946, siku ya sikukuu ya uhuru wa Marekani. Uzalendo aliunyonya katika sinema za John Wayne na katika michezo ya vita ya utotoni. Mwaka 1964 alijiunga na kikosi cha Marine bila kushurutishwa.

Kiswahili husema alijitolea. Kitenzi hiki kimo katika kauli ya kutendea, japo mtendewa aghalabu hatajwi: amejitoa kwa ajili ya nani? Kovic hujibu kwamba ni kwa ajili ya taifa alilolipenda kweli. Hata baada ya kupooza kuanzia kifuani mwaka 1968, mapenzi hayo hakuyatupa. Alipopaza sauti kuvipinga vita huku Nixon akihutubia mkutano wa chama chake mwaka 1972, alidai haki kwa jina la maadili yale yale.

Kwa Tim O'Brien mambo ni kinyume. Katika hadithi yake "On the Rainy River", iliyomo katika The Things They Carried (1990), msimulizi aliyeitwa jeshini kwa sheria haviamini vita. Anafika mtoni, ng'ambo anaiona Kanada, na bado anashindwa kuvuka kwa kuwaogopa watu wa mji wake. Neno "aibu" halitoshi kulifasiri jambo hili, kwani huchanganya haya, ambayo mtu hujionea mwenyewe, na fedheha, ambayo huvikwa na wenzake. Msimulizi huyu anaikimbia fedheha, na haya inambakia.

Kisanaa O'Brien amemzidi Kovic, sina shaka. Lakini ni Kovic anayetufikisha kwenye kibanda ambacho kikosi chake kilikimiminia risasi, kisha kikakuta ndani mna watoto. Hapo ndipo mtendewa wa kitenzi kile angepaswa kutajwa, na hapo ndipo wahakiki wengi hupita haraka.